Kupima Mtandao kwa Mizani ya Korosho

Elimu yangu ni ya darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nadhani walinipitisha ili dawati lipate mtu mwingine. Kwa hiyo ninapoeleza habari za intaneti, msomaji anivumilie. Naandika nilichokiona na nilichokisikia. Pale ninapodhani tu, nitasema nadhani. Sitaki kumwonea mtu, wala kampuni, ingawa kampuni zenyewe hazioni haya kutuonea sisi.

Binti yetu wa mwisho alimaliza chuo akarudi nyumbani Mkomaindo, hapa Masasi. Mtaani walimwita "msomi" kwa miezi michache ya mwanzo, halafu wakaacha, na kule kuacha kulimuuma kuliko kuitwa. Asubuhi alinisaidia kukaanga vitumbua ninavyouza karibu na hospitali, mchana anakaa na kompyuta yake anaomba kazi. Siku moja jibu likaja. Kampuni ya Dar es Salaam, inayouza intaneti, ilitaka watu wa kupokea simu za wateja wanaolalamika. Kazi yenyewe ni ya kufanyia nyumbani kwako. Wangemfanyia usaili kwa njia ya picha, na hapo hapo wangepima mtandao wa mahali alipo. Mtandao ukiyumba, basi, kazi hakuna. Na sharti jingine, mfanyakazi awe ndani ya nchi.

Asipoipata, safari ilikuwa imeshapangwa. Angekwenda Dar kwa shangazi yake, akasimame kwenye duka la vipodozi. Shangazi mtu ni mwema, sina neno naye. Ila wakubwa zake waliondoka hivyo hivyo, kwa "nakwenda mara moja tu, mama," na sasa nawaona kwenye misiba. Huyu nilimtaka abaki.

Kuna jambo nilimuuliza kwa sababu nilidhani sikuelewa.

"Mwanangu, hiyo kampuni si inauza intaneti?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona isikupe ya kwao?"

"Ya kwao haifiki huku."

"Kwa hiyo utawajibu watu wanaolalamika kwamba mtandao wa hao jamaa haushiki, kwa kutumia mtandao wa watu wengine, kwa kuwa wa hao jamaa haushiki?"

"Ukilisema hivyo, mama, linakuwa baya."

Sikulisema tena.

Kazi ya kutafuta mtandao aliichukua baba yake. Mume wangu ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima. Msimu wa korosho yeye ndiye anayesoma mshale ghalani huku wakulima wakimkodolea macho kana kwamba kidole chake ndicho kinachopunguza kilo. Haamini kitu kisichopimwa. Nyama ikitoka buchani huipima tena nyumbani. Aliposikia kwamba mtandao nao una kipimo, alifurahi kama mtu aliyeambiwa ana ndugu mjini.

Nyumba yetu imekaa chini ya jabali. Masasi ni mji wa majabali, na wageni huja kuyapiga picha na kuyasifu. Sijaona aliyekuja kusifu namna yanavyoziba mtandao.

Tulianza na njia ya maskini, yaani kuwasha simu na kuigawia kompyuta. Laini ya binti inashika vizuri sana stendi, ambako hatuishi. Tukaenda kwa wauzaji wa rauta, wale wenye hema karibu na soko, spika inapiga muziki mpaka mteja hasikii anachouziwa. Muuzaji alitupokea kwa heshima.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Hii rauta unachomeka kwenye umeme tu, imekwisha. Kasi yake ni hadi hapa." Akaonyesha bango lenye picha ya duma anayekimbia.

"Hadi," mume wangu akasema. "Hiyo ni ya juu. Ya chini je?"

"Ya chini hatujaandika, mzee."

"Kwa nini?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

Muuzaji akatazama jabali, akatazama mbingu, akatutazama sisi. "Na watumiaji, mzee. Watumiaji mnakuwa wengi."

"Kijana, mimi nikimwambia mkulima gunia lake lina hadi kilo mia, nitalala ndani."

Nisimwonee yule muuzaji. Alikuwa juani tangu asubuhi, na duma hakumchora yeye.

Tukauliza na habari za waya wa mkongo wa intaneti, kwa maana tuliwaona mafundi kwa macho yetu wakiuzika kando ya barabara kuu. Dada wa ofisi ya simu alitueleza kwa adabu sana kwamba waya unapita Masasi, lakini kuushusha mtaani kwetu kunahitaji majirani wengi wajiandikishe pamoja. Nikazunguka kwa majirani. Mmoja aliuliza kama waya huo ukichimbiwa utaleta na maji, kwa kuwa kama ni kuchimba tu bila maji, yeye ameshachimbiwa vya kutosha. Mwingine alisema atajiandikisha akiona wenzake wamejiandikisha. Wote walisema hivyo. Mtaa mzima ulikuwa tayari kuwa wa pili.

Manesi wanaonunua vitumbua vyangu nao waligawanyika. Kila mmoja aliapa kwa laini yake na kuzilaani za wenzake. Nikaona mtu huutetea mtandao wake kama anavyoutetea ukoo, hata pale ambapo ukoo haujamfanyia lolote.

Basi tukanunua rauta ya duma. Mume wangu akawekewa kwenye simu ile programu ya kupima kasi, yenye mshale unaopanda na kushuka. Siwezi kueleza furaha yake alipouona ule mshale. Alipima sebuleni. Alipima chumbani. Alipima mlangoni pa choo. Alipima akiwa amesimama, akapima amechuchumaa, kama anavyochoma bambo, kile chuma cha kuchotea korosho, kwenye gunia juu, katikati na chini asije akauziwa kokoto. Alipima asubuhi, akapima mchana ili kulinganisha, akapima jioni ili kuhakikisha ya mchana. Siku ya pili rauta ikawasha taa nyekundu. Bando lilikuwa limekwisha. Hakuna aliyekuwa amefungua hata ukurasa mmoja. Lote lilikwenda kwenye kupima.

"Angalau tunajua lilikuwa na kasi gani," akasema.

Tulinunua jingine, tukamnyang'anya simu. Lakini haki yake nimpe: kwa kupima kwake tulijua kwamba mahali pekee panapofaa nyumbani kwetu ni mlango wa jiko la nje, pale ninapokaangia. Hata hapo, jua likiwa kali na watu mjini wamejaa mitandaoni, mshale uliteremka chini ya kile kiwango walichokitaka wale wa kampuni. Na usaili ulikuwa saa saba mchana.

Habari zikafika Newala kwa kaka yangu.

Kaka yangu ni mwalimu mstaafu. Na kwetu Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Baba analisha, mjomba anaamua. Mume wangu, ambaye ni Mmakua, hawezi kulipinga hilo, kwa kuwa naye huko kwao Nanganga huwaamulia watoto wa dada zake mambo ambayo baba zao hawajayasikia bado. Kaka alipiga simu, tukamweka kwenye spika.

"Shemeji, mpandishe mtoto wangu huku juu. Huko shimoni kwenu mtandao unaingiaje? Mnaushusha kwa kamba?"

"Sisi wa shimoni tuna maji, shemeji. Ninyi wa juu mnaoga kwa mawazo."

"Maji hayafanyi usaili."

"Wala asiyeoga hafanyi."

"Mlete mtoto, shemeji. Kuna mtandao hapa kwangu hujawahi kuuona. Na hiyo mizani yako uje nayo, nataka uisome wewe mwenyewe kwa mdomo wako."

Binti yangu alinitazama. Mimi nilimtazama baba yake. Baba yake alitazama rauta ya duma, ambayo wakati huo ilikuwa inawasha taa ya rangi ambayo hatujui maana yake. Tukaenda Newala siku moja kabla ya usaili. Mume wangu alibeba dumu la maji kutoka Masasi, akalishusha mlangoni kwa kaka mbele ya majirani, akasema kwa sauti: "Zawadi ya shemeji. Unywe taratibu, usije ukapaliwa kwa kutozoea." Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Maji aliyapokea. Newala maji hayakataliwi kwa ajili ya utani.

Nyumba ya kaka ipo ukingoni kabisa, si mbali na Shimo la Mungu, pale ambapo nchi inaishia ghafla kama imekatwa kwa panga. Chini ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, ambako tuna ndugu wengi kuliko tunavyoweza kuwalisha wakija wote. Asubuhi ya usaili kaka alitukalisha sebuleni. Mkewe alikuwa ameshakwenda shamba. Akatoa kwenye mfuko wa koti laini ndogo ya simu, iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi kama hirizi.

"Hii imevuka mto," akasema. "Shemeji yangu wa ng'ambo kaniletea. Mnara wao unatutazama hapa uso kwa uso. Ya kwetu mnara uko nyuma ya mikorosho, unatupa mgongo."

Nikasema, kwa kuwa lilinijia: "Kaka, si walisema awe ndani ya nchi?"

"Kwani yuko wapi? Si kakaa kwenye kochi langu? Laini ndiyo imetoka nje, mtu hajatoka."

Nililifikiria, nikaona lina mantiki. Mimi maneno ya walimu huniingia haraka, sijui kama ni akili au ni kuzoea kiboko.

Akaitia ile laini kwenye simu yake, ambayo ni mpya na kubwa kama kibao cha kukatia mboga, ina kamera nzuri kuliko ya kompyuta ya binti. Mume wangu akapewa apime. Mshale ukapanda, ukapita katikati, ukalala upande wa kulia ukatulia huko kama mtu aliyeshiba.

"Soma, karani," kaka akasema.

Mume wangu hakusoma.

"Soma kwa sauti. Mkulima anataka kusikia kilo zake."

"Mizani ya mwenye mali haiaminiki," mume wangu akasema. Lakini macho yake hayakutoka kwenye mshale. Alikuwa ameshindwa na alilijua hilo, na mimi, sina budi kusema, nilifurahi. Niliona binti yangu anabaki.

Kisha kaka akatoa amri. Simu zote nyingine zizimwe, zisije zikagawana mtandao na hii kubwa. Binti akasema kwa upole, nadhani haziwezi, mjomba, ni laini tofauti. Kaka akamwuliza nani mwalimu. Simu ya binti ikazimwa, ya baba yake ikazimwa. Kitochi changu, simu yangu ndogo ya vibonye yenye tochi, waliniachia, wakisema hicho hakijui hata kama mtandao upo. Ukutani kwa kaka kuna kalenda za benki, za chama na za msikiti, lakini saa ya ukutani hakuna. Tukabaki tunasoma saa kwenye ile simu kubwa.

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Nikatazama kitochi changu, nikatazama simu ya kaka. Kitochi kilikuwa mbele kwa saa nzima. Nikakirudisha mfukoni. Baadaye tukasikia adhana ya adhuhuri, na simu ya kaka ilikuwa inasema saa tano na nusu.

"Huyu mwadhini leo kawahi," kaka akasema. Yeye atakwenda kuswali, akasema, wakati ukifika.

"Labda ana njaa," mume wangu akasema.

"Ni mgeni huyu, katoka pwani. Kule kila kitu wanafanya mapema isipokuwa kazi."

Nikasema: "Kitochi changu nacho kinasema saa sita na nusu."

Walicheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukubaliana.

"Dada," kaka akasema, "hicho chako kina tochi, hakina akili. Hii yangu inachukua saa kutoka angani. Hicho chako kinachukua kwako."

Ilikuwa kweli kwamba saa ya kitochi niliitega mimi mwenyewe, na mimi ni nani? Hata jua nililiona limevuka, lakini nikajiambia Newala ni juu, huenda jua la huku lina utaratibu wake. Nikakitoa kitochi mfukoni, nikakirudisha nyuma saa moja, kwa adabu, kikawa sawa na simu kubwa. Binti yangu aliona nilivyofanya. Akaendelea kujikumbusha majibu yake.

Saa saba ilipofika kwenye simu ya kaka, binti alikaa sawa, amevaa blauzi yake nyeupe, ukuta wa kalenda nyuma yake. Sisi tuliambiwa tusipumue. Akabonyeza. Picha ilifunguka pale pale, bila kuzunguka hata kidogo. Kaka aliinua kidole kumwonyesha mume wangu kasi ile. Kwenye kioo kukaandikwa kwamba mkutano huu umekwisha.

"Umeanza?" kaka akanong'ona.

"Umekwisha, mjomba."

"Umekwishaje kwa kasi hiyo?"

Binti aliwasha simu yake mwenyewe. Ikaanza kulia kwa ujumbe uliokuwa ukisubiri. Hakusoma yote. Alipiga namba ile iliyomtafuta, akaweka spika ili sote tusikie. Sauti ya mwanamke wa Dar ikapokea.

"Tulikusubiri, dada. Usaili ulikuwa saa saba."

"Ndiyo sasa hivi, dada. Saa saba kamili."

"Sasa hivi ni saa nane."

Tulitazama simu ya kaka. Saa saba. Tukatazama kitochi changu. Saa saba. Saa za sebule ile zilikubaliana vizuri, na zote zilikuwa za Msumbiji.

Maana ng'ambo ya Ruvuma saa yao ipo nyuma ya yetu kwa saa moja, na simu ikivaa laini ya kule huvaa na saa ya kule. Watu wa ukingoni wanalijua jambo hili. Kaka mwenyewe alikuwa akilifundisha darasani, kwenye jiografia. Alituambia baadaye, kwa sauti ndogo.

"Na hapa naona," yule mwanamke akaendelea, "umejaribu kuingia ukiwa Msumbiji. Nafasi hii ni ya mtu aliye ndani ya nchi."

Hapo kaka akaruka. "Haloo! Mimi ni mjomba wake! Mtoto yupo Newala! Yupo kwenye kochi!"

"Mwambie," mume wangu naye akainuka, "mwambie hata maji anayokunywa ni ya Masasi!"

"Laini ndiyo imetoka nje!"

"Nilisema mimi! Nilisema mizani ya mwenye mali!"

"Wewe ulisema nini? Wewe na duma lako?"

Nilidhani yule mwanamke amekata simu. Mimi nisingekaa. Binti yangu alisimama. Akamshika kaka bega.

"Mjomba, nimekusikia. Umekasirika kwa sababu ulitaka kunisaidia, na msaada umegeuka. Kaa kidogo, nitakurudia wewe kwanza." Kaka akakaa. "Baba, nawe nimekusikia. Habari ya maji nitaieleza." Baba yake akakaa. Kisha akaongea na simu kwa sauti ile ile, wala hakuipandisha wala kuiteremsha. "Samahani, dada. Hao ni wazee wangu, kila mmoja ana mtandao wake. Kosa la saa ni letu, si lenu. Nipo Newala, Tanzania. Nyumbani kwetu ni Masasi. Naomba nirudie nikiwa huko."

"Hao wazee," mwanamke akauliza, "wanapiga kelele hivyo tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, dada."

Mwanamke akacheka, alijaribu kujizuia, lakini spika ilituletea. "Keshokutwa. Saa saba ya Tanzania. Na uwe nyumbani kwako kweli."

Nakumbuka kwamba hakuna aliyeshangilia. Kaka alitoa ile laini kwenye simu, akaikunja tena kwenye karatasi yake. Alitusindikiza na mfuko wa korosho alizobangua mwenyewe, na wakati tunaagana alimwambia mume wangu, bila kumtazama: "Kasi lakini uliiona."

Mume wangu angeweza kumnyima. Alisema, "Niliiona." Nadhani hilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote waliyoambiana kwa muda mrefu.

Masasi tulifanya tulichoweza. Rauta ilifungwa kwenye mti mrefu kando ya jiko la nje, na nyuma yake mume wangu akafunga sufuria langu kubwa, mdomo ukitazama mjini, kwa kuwa fundi mmoja alimwambia linarudisha mtandao. Sijui kama linarudisha. Najua kwamba sikupika wali wa watu wengi tena. Siku yenyewe mume wangu alisimama njiani akiwaomba majirani wasifungue video mpaka saa nane, na majirani, ambao walikataa kujiandikishia waya wa mkongo, hilo la kutofanya kitu walikubali mara moja.

Binti alikaa kwenye kigoda kati ya kinu na mafiga, ameningʼiniza kitenge nyuma ili moshi ukutani usionekane. Mwanamke wa Dar alimwuliza maswali, naye akajibu. Mara picha iliganda akiwa amefumba macho, akaonekana kama anasali, ikaachia. Mwishoni yule mwanamke akasema ametazama kipimo cha mtandao.

"Vipi, dada?" binti akauliza.

"Unatosha," akasema. Si neno la sifa. Ni neno wanaloambiwa wanaonunua kanga ya bei ya chini. Lakini lilitosha. Nilikaa chini pale pale uani, nikalia kidogo, na mume wangu akaniuliza kama ni moshi. Nikamwambia ni moshi.

Kazi ilianza wiki iliyofuata. Alivaa vile vyombo vya masikioni, akafungua kompyuta, nami nilikuwa nakoroga unga wa vitumbua pembeni, sina hata nia ya kusikiliza. Simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja, mtu mzima kwa sauti, iliyokuwa ikivuja kutoka kwenye vyombo vile. Alikuwa analalamika kwamba mtandao umekata tangu jana yake na alikuwa amepanga kumwona mwanawe aliye mbali.

"Pole sana, mama," binti yangu akasema. "Tunaomba radhi kwa usumbufu. Mafundi wetu wanalishughulikia."

Sauti ilikuwa yake, lakini adabu yake ilikuwa ya mtu mwingine, mtu aliyepigwa pasi. Yule mama akashukuru. Akasema Mungu ambariki kwa kuwa wengine huwa hawapokei hata simu. Nilisikia baraka ile ikimwingia mwanangu kwa niaba ya watu ambao sijui kama walikuwa wameamka.

Alipomaliza nikamwuliza. Huenda sikupaswa.

"Hao mafundi, mwanangu. Wanalishughulikia kweli?"

"Nimeandikiwa niseme hivyo."

"Lakini wapo?"

"Mama," akasema, akanitazama kwa uchovu ambao haukuwa wa siku moja, "mimi nipo jikoni kwako. Nitawaona wapi?"

Hakuwa amekosea. Wala yule mama aliyepiga simu hakuwa amekosea, wala hata wale wa Dar siwezi kusema wamekosea, kwa kuwa sijui wana mafundi wangapi na mvua imefanya nini huko kwao. Nilitaka nimwambie kitu, sijui nini. Lakini simu nyingine ikaita, akainua kiganja kunizuia, kwa adabu ileile, akaanza: "Pole sana, baba."

Nilitaka abaki nyumbani, na amebaki. Nikabeba karai langu na mafiga, nikaenda kukaangia uani, upande wa upepo, na mafuta yalipoanza kuchemka nikapunguza moto, kwa sababu siku ya kujaribu vile vyombo wale wa kampuni walishamwambia kwamba yanasikika mpaka Dar es Salaam.